Maua Tuliyomharakishia Mwalimu Helmi

Mchungaji, ndugu zangu wa ukoo wa Ahola na wa Kivela, walimu, wanafunzi, na ninyi nyote mliofika leo Jumanne, tarehe 30 Mei 2023, katika kanisa hili la Alanko ambamo marehemu alibatizwa, akapata kipaimara na akafunga ndoa, nawasalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni Waino Kivela, mume wa marehemu. Binti yetu Sylvi alitaka asome yeye, kwa sababu amezoea kusema mbele za watu, na mimi maisha yangu nimeyamaliza juu ya gari la kusukuma theluji, kazi ambayo mtu hazungumzi na mtu, lakini nilimwomba aniachie, kwani sehemu ya mwisho ya historia hii inanihusu mimi kuliko yeye. Nitasoma polepole, mnivumilie.

Marehemu Helmi Irene Kivela, ambaye kwa baba yake aliitwa Helmi Ahola, alizaliwa Jumapili tarehe 3 Septemba 1950 hapa hapa Alanko, kaskazini ya Michigan, katika shamba lililo nyuma ya kiwanda cha mbao cha zamani, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Eino Ahola, mchimba shaba aliyegeukia kulima viazi, na marehemu Lyyli. Mama yake alimzalia ndani ya sauna, kijumba cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, kama walivyofanya wanawake wengi wa hapa siku zile, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nyumba safi na yenye joto kuliko zote, na Helmi alipokuwa mkubwa alisema ndiyo maana baridi haimpati. Kaka zake wawili wametangulia mbele za haki. Amebaki mdogo wake, Reino, shemeji yangu na jirani yangu, yule pale mstari wa mbele, mwenye tai niliyomfunga mimi asubuhi ya leo.

Alisoma shule ya msingi hapa Alanko kuanzia mwaka 1956 hadi 1964, akaendelea na sekondari mjini hadi 1968, kisha akaenda chuo cha ualimu Marquette, akahitimu mwezi Juni 1972, akiwa wa kwanza katika ukoo wao kuvaa joho. Septemba ya mwaka huo huo alirudi kufundisha darasa la nne katika shule ile ile aliyosoma, na hakuhama tena, akafundisha darasa hilo hilo hadi alipostaafu tarehe 12 Juni 2015, hivi kwamba wengi mliomo humu, tena wengine wenye mvi, mliwahi kusimamishwa naye kwenye kona.

Ndoa yetu ilifungwa Jumamosi tarehe 14 Juni 1975. Namna tulivyojuana mnaifahamu, maana yeye mwenyewe aliisimulia kila harusi aliyoalikwa, lakini imo katika historia yake na sina budi kuisema. Ilikuwa Januari 1974, nilikuwa nasafisha barabara ya shule, akatoka mbio bila koti akinipungia mikono yote miwili.

"Wewe wa gari la theluji! Umeliona gari langu?"

"Gari gani, Mwalimu?"

"Hilo ulilolizika."

Nilishuka na koleo nikalifukua, naye alisimama juu yangu muda wote akinielekeza, kushoto, kulia, taratibu na kioo, na nilipomaliza aliniambia kwamba kwa mtu anayefukia vizuri hivyo, kufukua pia sijambo. Mungu alitujalia watoto wawili, Sylvi, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1977, na Carl, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1980, ambaye anaishi Minnesota na mkewe, na kupitia kwao tumepata wajukuu watatu.

Sasa nifike kwenye bustani. Mwaka 1996 Helmi alisikia kwamba shule nyingi za bara hili, kutoka kusini kabisa kusikojua theluji hadi huko Alaska, zimekubaliana kufuatilia kwa pamoja jinsi majira ya machipuko yanavyopanda kuelekea kaskazini. Kila shule hupanda Oktoba vitunguu vya tulipu, maua yanayoota kutoka kwenye tunguu, aina moja, nyekundu, kwa kina kimoja, mahali pa wazi mbali na ukuta wenye joto, kisha huviacha chini ya theluji na kungoja. Jani la kwanza likitoka, shule inatoa taarifa, ua la kwanza likifunguka, inatoa taarifa tena, na wengine wote wanatia nukta kwenye ramani. Helmi aliipenda kazi hii kuliko zote alizowahi kuzifanya, na ramani aliibandika darasani na nyingine chumbani kwetu, upande wangu wa kitanda, bila kuniuliza.

Alanko tulikuwa karibu wa mwisho kila mwaka, na watoto walikuwa hawalipendi jambo hilo. Nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana nikawasikia wakilalamika.

"Mwalimu, Tennessee wameshafungua!"

"Waache wafungue."

"Na Ohio, Mwalimu!"

"Ohio nao wana haraka ya nini? Wanaenda wapi?"

"Na sisi lini?"

"Sisi tutafika tutakapofika. Fungueni kitabu."

Sheria yake ilikuwa moja, nayo ni kwamba maua hayasaidiwi. Usiondoe theluji juu yake, usiyafunike, usiyamwagie kitu. Mwaka 2001, kipindi cha mapumziko, mtoto mmoja wa kike alikwenda bustanini na chupa yake ya chai ya moto akaimimina yote kwenye majani yaliyokuwa yanachungulia. Helmi alimkuta chupa ikiwa bado mkononi.

"Renee, unafanya nini?"

"Yalikuwa yanaona baridi, Mwalimu."

"Na mimi naona baridi, mbona mimi hujanimwagia?"

Darasa zima lilicheka, lakini Helmi aliporudi ndani aliwaambia kwamba mwaka ule Alanko haitatoa taarifa yoyote, na watoto walipomlilia kwamba ni chai kidogo tu, aliwajibu kwamba tukiyapa joto letu tutakuwa tumepima joto letu, na yeye hakuwapitisha kwenye theluji ya magotini ili wapime chai. Mtoto yule ni Bi. Renee Beaudoin, ambaye leo ndiye mwalimu wa darasa la nne, aliyelipokea darasa lile mkononi mwake Helmi, na ameniruhusu niliseme hili.

Baada ya kustaafu Helmi hakuiacha bustani. Kila Oktoba alikwenda kupanda na watoto wa darasa la Renee, na Oktoba iliyopita, tarehe 14, alipanda kwa mara ya mwisho, akapiga magoti, na alipotaka kuinuka hakuweza, tukamnyanyua mimi na Renee huku na huku, naye akacheka akasema tungemwacha tu hapo hapo, atachipua. Mwezi uliofuata, tarehe 17 Novemba 2022, aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa hadi Februari, na tarehe 21 ya mwezi huo daktari alituketisha akatueleza kwa upole kwamba dawa haifanyi kazi tena, na kwamba tusitegemee sana kuvuka Pasaka.

Helmi aliyapokea maneno hayo kama alivyokuwa akipokea taarifa za hali ya hewa. Tulirudi nyumbani, nikatengeneza kahawa, akakata mkate wa iliki ambao hakuweza kuula, akaniambia, "Waino, mimi siombi miaka. Naomba niyaone ya mwaka huu yakifunguka." Nilikuwa nimetoka kuisukuma theluji ya shuleni siku ile ile, ilikuwa imefika kwenye madirisha ya darasa, na ninajua, kama anavyojua kila mtu humu, kwamba hapa kwetu maua hayo hufunguka mwishoni mwa Mei. Nilipiga hesabu ya daktari, nikapiga ya theluji, nikaona hazikutani.

Mwanzoni mwa Machi Reino alikuja kunisaidia kupasua kuni.

"Shemeji," akasema, "mawe ninayo."

"Mawe gani?"

"Ya sauna. Tunayapasha, tunayazungusha bustani yote, yakipoa tunabadilisha. Ardhi itajuaje kama ni jua au ni Reino?"

"Na Helmi akijua?"

"Atajulia wapi? Yuko kitandani."

"Reino, dada yako akiwa amelala anajua mambo kuliko wewe ukiwa umesimama."

Nilisema hivyo, lakini kesho yake alfajiri nilipitisha gari la serikali kwenye uwanja wa shule, mahali ambapo sikutakiwa kupita, nikaisukuma theluji yote iliyokuwa juu ya bustani. Mawe alileta Reino kwenye toroli. Renee alitukuta, akasimama mlangoni mwa shule amekunja mikono kifuani, kama Helmi kabisa.

"Mzee Waino, unakumbuka alichonifanya nilipomwaga chai?"

"Nakumbuka."

"Basi?"

"Basi anakufa, Renee."

Alilia, kisha akaingia ndani akaniletea ufunguo wa stoo.

Baada ya hapo hatukuwa sisi watatu tena. Mlileta madirisha yenu ya akiba, yale ya kuzuia baridi, tukayaegemeza juu ya bustani kama paa. Mlileta kuni. Mablanketi ya kufunika usiku yalitoka humu kanisani, mchungaji aliyatoa mwenyewe kwenye kabati. Kila aliyewasha sauna Alanko aliwasha kwa ajili ya bustani ile, na mawe ya nyumba nzima nzima yakawa yanazunguka kwa toroli. Nayasema haya si kwa ajili ya kumwaibisha mtu, maana nyote mlifanya kwa sababu mlimpenda, na mimi ndiye niliyewaomba. Wanafunzi nao niliwaita nikawaambia wasimwambie Mwalimu. Watoto, mlikuwa mmefundishwa na Mwalimu Helmi kusema mnachokiona, na mimi mumewe ndiye niliyewafundisha kukificha.

Nyumbani alikuwa akiniuliza kila nikirudi, "Theluji imefika wapi?" nami nikimjibu kwamba inapungua, inapungua. Renee alimletea taarifa za shule nyingine, na Sylvi, aliyekuja kumuuguza, ndiye aliyekuwa akizitia nukta kwenye ramani ya chumbani, Kentucky, Ohio, kisha chini kidogo ya ziwa. Pasaka ilifika tarehe 9 Aprili, akaipokea meza ya Bwana kitandani, Pasaka ikapita, na Helmi yupo. Alianza kula tena, uji kijiko kimoja kimoja, kwa shida, na Sylvi alipomwambia asijilazimishe alimjibu, "Sili kwa sababu ya njaa, mwanangu, nakula kwa sababu ya Mei." Sylvi aliniambia maneno hayo siku ile ile. Niliyasikia, nikatoka kwenda kubadilisha mawe.

Alhamisi tarehe 20 Aprili ua la kwanza lilifunguka. Tuliondoa madirisha na mawe, tukafagia, nikaenda kumchukua. Nilimfunga mablanketi, nikamweka kwenye kiti cha magurudumu, nikamsukuma hadi pale, na watoto walikuwa wamejipanga, na wengi wenu mlikuwepo, mmesimama kwenye theluji ya magotini mkitabasamu. Katikati ya theluji ile kulikuwa na mraba mweusi wa udongo na ua jekundu moja, na jingine linakaribia.

Alilitazama ua. Akatazama theluji iliyosimama pande zote nne kama ukuta uliokatwa. Kisha akamtafuta mdogo wake kwa macho.

"Reino."

"Naam, dada."

"Mungu siku hizi anapasha mawe?"

Hakuna aliyecheka. Reino alivua kofia yake akasema, "Alisaidiwa kidogo, dada," na watoto wakatazama chini.

Helmi hakumgombeza mtu. Aliwaita watoto karibu, akaligusa ua kwa kidole, akawaambia ni zuri sana na akawashukuru mmoja mmoja kwa majina. Renee alipoinama kumwekea blanketi vizuri, alimwambia kwa sauti ya chini, "Usitume taarifa," na Renee akajibu, "Sitatuma, Mwalimu." Nilipomwingiza garini nilidhani amechoka tu. Tulifika karibu na daraja ndipo akasema.

"Nani aliwaambia sitafika?"

"Daktari."

"Daktari alisema Pasaka. Leo ni lini?"

Niliingia darajani.

"Mimi mbona hamkuniuliza?"

"Tulitaka uyaone, Helmi."

"Mimi nilitaka kuyangoja, Waino. Tulikuwa tunakwenda pamoja, mimi na yale maua. Mmeyatoa mbio mkaniacha nyuma."

Ndugu zangu, miaka karibu arobaini na minane ya ndoa, sikuwahi kumsikia akisema neno lililonichoma kama hilo, na hakulisema kwa hasira.

Jumatatu tarehe 1 Mei mnajua ilivyonyesha theluji, hata wazee wa hapa hawakumbuki nyingine ya Mei kama ile. Maua yote yalikuwa yamefunguka kwa wakati huo, yakiwa wazi na laini, na hatukuwahi hata kuyafunika. Theluji ilipoyeyuka tulikuta mabua yamelala na petali zimeoza juu ya udongo. Kama tungeyaacha yangekuwa bado yamejikunja chini, salama, kama yalivyokuwa ya shule nyingine zote za huku kwetu.

Na Helmi yupo. Siku zilipita, na yeye yupo. Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani alisema hajui anaishi kwa kitu gani, lakini mimi nilijua, na nilikuwa naogopa, maana kitu chenyewe nilikwisha kukimaliza. Jumatatu ya wiki iliyopita, tarehe 22 Mei, ilikuwa siku ya jua, tukamtoa barazani. Renee alikuja baada ya masomo akasimama kwenye ngazi hadi Helmi mwenyewe alipomwambia, "Sema tu, mwanangu." Renee akasema shule ya ng'ambo ya ghuba, iliyo jirani yetu, imetoa taarifa ya ua la kwanza.

"Lini?"

"Leo asubuhi, Mwalimu."

"Basi na sisi ni leo," akasema Helmi, na akanitaka nimpeleke.

Nilimpeleka. Hapakuwa na theluji popote, majani yalikuwa ya kijani uwanja mzima, na ndege wamerudi, na pale bustanini palikuwa na mabua yasiyo na vichwa. Alikaa akayatazama muda mrefu, jua likimpiga usoni. Mimi nilipiga magoti kwenye udongo ule nikamwomba msamaha, kwa sababu yale maneno ya garini sikuwa nimeyajibu. Akaniwekea mkono kichwani akasema, "Nilikusamehe siku ile ile kabla hatujafika nyumbani. Lakini angalia, Waino. Nimefika."

Marehemu alilala katika Bwana Alhamisi tarehe 25 Mei 2023, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, Sylvi akimsomea Zaburi na mimi nikiwa nimemshika mkono. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo wake mmoja, na darasa la nne la Alanko.

Kila Jumapili katika kanisa hili tunasimama na kusema mapenzi yako yatimizwe. Nimelisema tangu utotoni. Mwaka huu nililisema, kisha nikatoka nje nikaenda kuwasha moto. Nimemwomba Mungu anisamehe, nami naamini amenisamehe, kwa sababu ameahidi, lakini nikifumba macho bado naviona vile vijiko vya uji.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, walimtunza kwa heshima, na siwalaumu kwa hesabu yao, kwani wao walisema tusitegemee sana, ni sisi tulioacha kutegemea kabisa. Nawashukuru walimu wenzake, na zaidi Bi. Renee Beaudoin, aliyekuja kwetu kila wiki bila kukosa. Nawashukuru majirani kwa kuni, kwa chakula, kwa madirisha, na tafadhali kila mmoja aje achukue lake, bado yako kwangu. Namshukuru shemeji yangu Reino, ambaye juzi nilimkuta anataka kuyatupa mawe yake ziwani, nikamwambia ayarudishe kwenye jiko lake, mawe hayana kosa, na sisi tutahitaji kuoga.

Ninyi watoto wa darasa la nne, nawashukuru kuliko wote, na nawaomba jambo moja. Lawama ya jambo hili msiibebe, hata mmoja wenu, ni yangu, na mtu mzima anayetaka kuibeba pamoja nami atanikuta nyumbani, kahawa ipo. Oktoba mtapanda vitunguu vipya na Mwalimu wenu. Sitakuja na koleo. Nitakuja mikono mitupu, nisimame mbali, na mtakaponiona nasogea, nirudisheni.

Pumzika kwa amani, Helmi. Ulifika mwenyewe, na sisi hatutakuharakisha tena.